Kikombe Kizima cha Bibi Bina

Zamani, katika kisiwa cha Talbird, mtu akiitwa hakuitika mpaka ameuona uso wa anayemwita, na siku hizi watu wa kisiwa hicho hicho wanaitikia kila kinacholia mfukoni mwao hata kama hawajui ni nani yuko upande wa pili.

Titus Mazyck huyasema haya kila simu inapolia kibarazani kwake, na wajukuu zake humcheka. Waache wacheke. Hawakumjua Bibi Bina, wala hawakusimama kwenye mstari kando ya Isom Gadsden asubuhi ile ya ukungu.

Titus na Isom walikuwa mabinamu, na wote wawili walikulia mkononi mwa Bibi Bina, bibi mfupi mwenye aproni nyeupe na kiko kisichotoka mdomoni. Siku hizo kila mtoto wa kisiwani alikuwa na majina mawili. Moja lilikuwa la shule na la serikali. La pili lilikuwa la nyumbani, na halikutoka nje ya kisiwa. Isom, kwa kuwa alichelewa kutembea, nyumbani aliitwa Kobe.

Jioni, chakula kikiiva, bibi alisimama ukingoni mwa kinamasi na kuita, "Kobe! Kobe we!" Watoto walikuwa ndani ya matete wakiwinda kaa, wamemsikia vizuri kabisa, ila hakuna aliyeitika. Walipenya matete kwanza, wakaiona aproni, wakauona uso, ndipo wakapiga kelele, "Tunakuja, Bibi!" Hivyo ndivyo alivyowafunza yeye mwenyewe.

"Mimi nikifa," alikuwa akisema huku akiwapakulia wali mwekundu, "nitawaita kwa sauti hii hii. Sauti ya mtu haifi upesi kama mwili. Usipouona uso, fumba mdomo, hata niite mpaka koo linikauke. Anayeiitikia sauti tupu anaifuata."

"Na ukija na uso wako je, Bibi?" Isom aliuliza siku moja.

Bibi Bina akamwongezea wali. "Nikija na uso wangu, itika, Kobe. Siku hiyo utakuwa mkubwa. Utajua mwenyewe."

Mwaka wa sitini na nane mabinamu hao waliingia jeshini pamoja. Mshahara wa kwanza wa Isom haukukaa mfukoni. Alikwenda dukani akanunua kikombe cha kauri chenye maua ya buluu na mdomo wa dhahabu, akakifunga kwenye soksi zake, akakituma Talbird. Mama yake Isom, Bi Ernestine, aliandika kwamba bibi amekataa kunywea kahawa kitu kingine, na kwamba hata wageni hawaruhusiwi kukigusa.

Kambi ya mafunzo ilikuwa Georgia, mahali pa mchanga na misonobari. Kila asubuhi Sajini Kroll alisimama mbele ya mstari na kuita majina. Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, sajini anaonekana kofia na kidevu tu. Aliita Foster, Foster akaitika. Kisha akafungua mdomo tena na kuita, "Gadsden!"

Kimya.

"Gadsden!"

Titus alikuwa kando yake, bega kwa bega. Alimwona binamu yake amegeuza shingo, macho yanatafuta kitu kwenye ukungu, kushoto, kulia, nyuma ya sajini, kama mtoto aliyemo ndani ya matete.

"Wee, itika," Titus alinong'ona. "Una wazimu?"

Isom alitikisa kichwa. Sajini alimwendea mpaka pua zikakaribia kugusana. "Gadsden, umemeza ulimi? Au kwenu mnaongea kwa barua?" Mstari ulicheka. Isom alimtazama sajini mdomoni, midomo yake mwenyewe ameibana mpaka imekuwa myeupe.

Waliposhika mafagio baadaye, alimwambia Titus. Sajini alikuwa anafungua mdomo, na kilichotoka humo kilikuwa sauti ya Bibi Bina. Haikusema Gadsden. Ilisema Kobe, Kobe we.

"Sajini halijui jina hilo," Isom alisema. "Hakuna anayelijua hapa ila wewe."

"Mimi nimemsikia sajini tu, binamu."

"Basi si wewe uliyekuwa unaitwa."

Mchana ikaja telegramu. Bibi Bina amefariki alfajiri. Isom aliomba ruhusa ya kwenda kuzika akanyimwa, kwa maana jeshi halikumhesabu bibi kuwa mzazi. Na kuanzia hapo, kila asubuhi, kila mara jina lake lilipofikiwa, alifumba mdomo. Walimpa adhabu ya kuchimba mashimo na kuyafukia. Walimfungia. Walimwita mkaidi, mchochezi, na mengine ambayo mtu mweusi aliitwa kambini mwaka ule. Mwisho ofisa mmoja alimwekea karatasi mbele, akamwambia achague mahakama ya jeshi au sahihi. Isom alitia sahihi. Alirudi Talbird na cheti cha kuachishwa jeshi kilichosema yeye ni askari asiyetakiwa.

Titus alikwenda vitani, akarudi na mguu mbovu na cheti chenye heshima.

Kanisani kwao kulikuwa na desturi ambayo sasa imekufa kama nyingine zote. Siku ya kupamba makaburi, mwezi wa tano, Shemasi Polite alisimama na kusoma majina ya askari wa kisiwa. Aliye hai aliitika, "Nipo!" Kwa aliyekufa, kengele iligongwa mara moja. Jina la Isom shemasi aliliruka. Alilisoma la kabla yake, akaruka, akalisoma la baada yake, na kila mwaka Bi Ernestine alikaa wima kwenye benchi lake akiangalia mikono yake, na Isom kwenye benchi la dirishani akiangalia nje.

Watu walisema walichotaka. Kuwa aliiba bunduki. Kuwa aliona vita akakimbia. Kwenye mwambao wa chaza, wanaume wakichokoa, mzee Hezekia alizoea kupaza sauti Isom akipita: "Kobe, toa kichwa bwana! Vita vimekwisha!" Watu wakavunjika mbavu. Isom naye alitabasamu na kuendelea na ndoo yake.

"Kwa nini usiwaambie ukweli?" Titus alimuuliza.

"Niwaambie nini? Wazungu wa jeshi wangecheka. Hawa hawatacheka, hawa wataamini. Na wakiamini, nani atakaa benchi moja na mtu anayeitwa na wafu? Nani atanipa mkono? Heri waniite mwoga."

Sababu ya yote Titus aliijua siku walipokwenda pamoja kaburini. Kisiwani mtu akifa, kikombe alichonywea mwisho huwekwa juu ya kaburi lake, na kinavunjwa kwanza. Kinavunjwa ili mnyororo ukatike, asije akawavuta wa nyumbani mmoja mmoja. Hata mtoto alijua hivyo. Lakini siku ya maziko Bi Ernestine alikishika kile kikombe cha maua ya buluu, zawadi ya mwanawe, mshahara wake wa kwanza, na mkono ukamkataa. Alikiweka kizima. Walikikuta hapo kaburini, kimejaa maji ya mvua, dhahabu yake inang'aa. Isom alikimwaga, akakiinua juu ya jiwe ili akivunje. Alisimama hivyo mpaka mbu wakawazidi.

"Kitu pekee nilichowahi kumpa," alisema, akakirudisha mahali pake polepole.

Nyumbani sauti haikumfuata. Miaka ilipita, akaoa, akajenga mashua, na hakuitwa hata mara moja. Mwenyewe alielewa kwa nini. Bibi hakuwa na mdomo wake tena. Ilibidi mtu mwingine afungue mdomo kwanza, asome jina lake mbele ya watu, ndipo yeye apate pa kupita. Na hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa akilisoma jina la Isom Gadsden mbele ya watu.

Kisha likaja daraja. Na nyuma ya daraja ikaja kampuni ya bara, ikanunua upande wa mashariki wote, pamoja na makaburi, ikapanda nyasi za kuchezea gofu. Vyombo vilivyokuwa makaburini, saa zilizosimama, taa, mabakuli, vikombe vya wazee wetu, vijana wa kampuni walivizoa kwa koleo wakidhani ni takataka, na vile vizuri wakaviuza kandokando ya barabara. Isom aliposikia alikwenda mbio na nyundo mkononi. Safari hii alikuwa ameamua. Hakukuta kikombe. Alikuta kipande cha ardhi kilichosawazishwa, na mlinzi mwenye kofia akimuuliza ana shida gani. Mpaka leo ukitaka kumzuru bibi yako unaandika jina lako getini.

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba ndipo habari zilipofika kwamba serikali imekubali kuvipitia upya vile vyeti vibaya. Baraza la maofisa watano litazunguka mijini, na mtu anaweza kusimama mbele yao akaomba cheti chake kibadilishwe.

Bi Ernestine alikuwa amekuwa mzee, macho yamekwisha. Alimwita mwanawe jikoni. Titus alikuwepo, anamenya kamba wa baharini.

"Nenda," mama alisema. "Nataka nilisikie jina lako likisomwa kanisani kabla masikio nayo hayajaniacha."

"Mama, unajua likisomwa nani ataliita."

Bi Ernestine alipapasa mwiko mezani. Sufuria ya bamia ilikuwa inachemka. "Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekiacha kizima. Lakini umeishi miaka yote hii kama mtu ambaye hakuzaliwa, Isom. Huo nao si uzima."

Wakiwa nje Titus alimwambia aache. "Mama ni mzee, atasahau. Unalo boti, unaye mke. Karatasi itakupa nini?"

"Wewe unaitika kila mwaka," Isom alisema. "Hujui ile 'Nipo!' inavyosikika kwa aliyekaa dirishani."

Walipanda basi asubuhi kwenda Atlanta, suti zimepigwa pasi, chakula kwenye karatasi. Mlangoni mwa jengo la serikali aliwangoja Bwana Hutto, askari mstaafu wa Kizungu mwenye mkono mmoja, aliyekuwa anawasaidia waombaji bila malipo. Alikuwa mcheshi. "Huu mwingine niliuacha Korea," alisema akiutikisa mkono mtupu wa koti, "kwa hiyo leo mtanibebea mafaili." Kisha akamvuta Isom kando. "Sikiliza, kijana. Waambie ulifiwa, ulikuwa mdogo, ulichanganyikiwa. Basi. Mambo ya sauti yaache kisiwani. Maofisa hawana faili la kuyaweka."

"Nitawaambia yaliyonipata, Bwana Hutto."

"Mungu wangu. Titus, huyu ndugu yako huwa hivi siku zote?"

"Tangu anatambaa."

Chumba kilikuwa kirefu, taa nyeupe, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Maofisa watano walikaa nyuma ya meza, katikati kanali mwenye mvi na sauti ya ukarani. Mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka. Isom alikaa mbele yao na Hutto, Titus nyuma kwenye kiti cha shahidi.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," kanali alisema, "mwombaji ataitika jina lake."

Titus aliona mikono ya Isom imeshika magoti.

Kanali alitazama karatasi, akafungua mdomo. Na Titus Mazyck, ambaye asubuhi ile ya ukungu hakusikia kitu, alisikia harufu kwanza, tope la kinamasi na tumbaku ya kiko, ndani ya chumba kile kisicho na dirisha lililo wazi. Halafu akasikia. Midomo ya kanali ilikuwa inakwenda kwa jina moja na sauti inakwenda kwa jina jingine.

"Kobe! Kobe we!"

Hakuna mwingine aliyeshtuka. Ofisa mmoja alikuwa anachonga penseli. Hutto alimgusa Isom na kiwiko. Isom aligeuza shingo polepole, kushoto, kulia, kama kule mstarini. Kisha shingo ikasimama. Alikuwa anatazama kona ya chumba, karibu na bendera, mahali ambapo Titus hakuona kitu ila ukuta. Na uso wa Isom ulifunguka. Titus hakuwahi kuuona hivyo tangu utotoni, tangu ile dakika ya kutoka kwenye matete na kuiona aproni.

"Nipo, Bibi," Isom alisema.

Kanali aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Nipo, Afande."

Baada ya hapo alisema vizuri kuliko mtu aliyesoma. Aliwaeleza habari ya bibi, ya kuitika, ya ukungu na telegramu. Hutto alijifunika macho kwa mkono wake mmoja. Hakuna ofisa aliyecheka.

"Na bado unaisikia sauti hiyo?" kanali aliuliza.

"Hapana, Afande. Imekwisha leo."

Wakamgeukia Titus. Alisikia nini siku ile mstarini? Angeweza kusema uongo. Alisema, "Nilimsikia Sajini Kroll, Afande. Na nilimwona mtu anayetaka kuitika kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Hakukataa amri. Alikuwa anaogopa kwa adabu, jinsi tulivyolelewa." Aliulizwa kama yeye mwenyewe anaamini mambo hayo. "Mimi nilikuwa siamini mpaka saa hii," alisema, na kalamu za maofisa zikasimama.

Waliambiwa majibu yatakuja kwa posta.

Yalikuja kabla ya mwisho wa majira ya baridi. Sababu hawakuandika nyingi. Cheti kilikuwa kipya, na neno lililokuwa asiyetakiwa sasa lilisema kwa heshima. Bi Ernestine alipitisha vidole juu yake kama anaweza kusoma kwa ngozi. Mwenye cheti hakuwepo kukipokea. Tangu siku ya baraza hakuna aliyemwona Isom Gadsden, Atlanta wala Talbird, si mzima wala maiti. Polisi waliandika na kufunga. Mkewe alingoja, kisha akarudi kwa wazazi wake. Mashua yake iliozea ufukoni, na kampuni ikaizoa.

Mwezi wa tano Shemasi Polite alisimama kanisani na orodha yake. Alifika pale alipozoea kuruka, akasita, akasoma kwa sauti pana: "Isom Gadsden."

Mgonga kengele hakujua afanye nini, kwa maana hakuna aliyejua kama yu hai au ni mfu. Mkono wake ulibaki hewani. Mzee Hezekia aliinamisha kichwa, feni zinazunguka. Kisha Bi Ernestine akatabasamu, macho yake meupe yameelekea benchi la dirishani.

"Nimemsikia," alisema. "Ameitika."

Waliokuwa kwenye benchi la dirishani waliinuka mmoja mmoja wakahamia nyuma. Siku hizo watu walijua wakati wa kuinuka. Sasa kanisa lina televisheni ukutani, orodha haisomwi, na benchi lile wamelitupa.

Titus hakuwaambia polisi alichokiona, na hakumwambia Bi Ernestine mpaka alipokuwa kwenye kitanda cha mauti, na hata hapo mama aliitikia kwa kichwa tu, kama anayeelezwa jambo analolijua. Alikiona baada ya baraza kuwaruhusu. Hutto alikuwa anakusanya mafaili kwa mkono mmoja, na Isom alisema anatoka akanywe maji. Titus alimsaidia Hutto kufunga mkoba, kisha akatoka na yeye.

Ukumbi wa jengo lile ulikuwa mrefu, sakafu inang'aa kama maji, milango imefungwa pande zote mbili. Mwisho kabisa, karibu na ngazi, Isom alikuwa anakwenda, suti yake bado ina mkunjo wa pasi. Hakuwa peke yake. Bibi mfupi alikuwa amemshika mkono wa koti, jinsi mtu anavyomshika mtoto kwenye ukingo wa kinamasi, na fundo la aproni nyeupe lilionekana mgongoni kwake. Hawakuwa na haraka. Titus alifungua mdomo amwite, akakumbuka kwamba wangegeuka wote wawili, akaufumba. Kwa mkono wake mwingine bibi alibeba kikombe cha maua ya buluu, kizima, amekinyoosha sawasawa mbele yake, kama kimejaa mpaka mdomoni na hataki hata tone limwagike. Wakaanza kushuka ngazi, bibi akitangulia.